Kehinde Yuko Lagos

Watu wa idara yetu wakimtaja Mama Pacha siku hizi husema, "Yule mama aliyetuharibia utafiti." Mimi huwaacha wamalize, halafu nawatukana. Nina mdomo, najijua, na uzee haujanipunguzia. Nimeosha chupa katika maabara ile ya nzi hapa Ibadan miaka na miaka, yeye akipika uji wa kulishia nzi, mimi nikisugua, tukigombania sabuni na kugawana karanga. Kwa hiyo nisikilizeni mimi Sidikatu, wao waacheni na suti zao.

Jina lake hasa ni Ajoke Oparinde. Lakini kwetu ukishazaa pacha, jina lako la zamani limekwisha kazi. Hata profesa alimwita Mama Pacha. Wanawe walikuwa wasichana wawili, Taye na Kehinde, wamefanana mpaka mashavu yanavyobonyea wakicheka. Taye alitoka tumboni kwanza, ila sisi tunasema Kehinde ndiye mkubwa, kwani yeye ndiye aliyemtuma mwenzake atangulie kuonja dunia kama ni tamu. Taye akalia, maana yake ni tamu, njoo. Mtoto mchanga naye anajua nini!

Baba yao alifariki hata shule hawajaanza. Arobaini haijaisha, wifi yake Ronke akatokea kutoka Lagos na marashi yake.

"Wifi, wawili hutawaweza," akasema. "Nipe mmoja nikulelee."

Akamchagua Kehinde kama mtu anayechagua nanasi sokoni, anaminya huku, ananusa kule. Mama Pacha alikubali. Angefanyaje, na mshahara wa kupika uji wa nzi? Ronke alikuwa na kibanda cha vitu vya kukaanga, ndizi, viazi vikuu, bajia za kunde, na Kehinde akakulia humo, sufuria la mafuta likiwa kama ndugu yake wa tatu. Taye alibaki kwa mama yake akala uji na mboga za majani, mafuta ya kijiko kimoja kimoja, si kwa busara ya mtu yeyote bali kwa ukata. Pacha walikutana mara moja kwa mwaka, siku Mama Pacha alipowapikia kunde za mawese kama desturi inavyotaka pacha wapikiwe, watoto wa mtaa mzima wakaja kujilamba vidole.

Sasa nzi. Profesa Adelowo, mkuu wetu, alikuwa na swali moja aliloling'ang'ania kama kupe: mafuta yaliyomo mwilini mwa kiumbe yanatoka kwenye damu ya wazazi au kwenye sahani? Nzi wa matunda wanafaa kwa swali kama hilo, kwani yai la leo baada ya wiki mbili ni mama mzima. Akamtuma Mama Pacha soko la Bodija. Akarudi na nzi jike wawili aliowanasa kwenye mananasi yaliyooza, kila mmoja na chupa yake iliyozibwa pamba. Wazao wa kila mmoja walitunzwa mbali na wa mwenzake, chupa kwa chupa, kizazi kwa kizazi, maana dume mmoja akipenya chupa isiyo yake ukoo mzima umechafuka. Profesa akaziandikia koo hizo namba. Mama Pacha akaziita Taye na Kehinde.

"Wewe nawe," nilimwambia, "majina ya watoto unawapa nzi?"

"Kila mmoja ana mama yake, Sidi. Hawa nao watu."

Profesa alicheka, lakini mwezi haukuisha naye akawa anaingia asubuhi akiuliza, "Kehinde hawajambo?"

Mpango ulikuwa hivi. Nusu ya kila ukoo ilishwe uji mtupu wa mahindi na hamira. Nusu nyingine ilishwe uji huohuo uliotiwa mawese. Baada ya vizazi kadhaa, nzi wasagwe, wapelekwe kwenye mashine inayochambua mafuta aina kwa aina, haya yanayoganda kama siagi, haya yasiyoganda, mpaka tone la mwisho. Kama koo mbili zinazokula sahani moja zitakuwa na mafuta tofauti, basi ni damu. Kama zitafanana, basi ni chakula. Mama Pacha alipenda sana swali hilo. Alilipenda kuliko profesa mwenyewe, na wakati huo sikujua kwamba ingekuja siku lingemtafuna.

Kehinde binti, si wale nzi, alianguka kwenye ngazi za nyumba ya Ronke, beseni la ndizi za kukaanga likiwa kichwani. Moyo ulisimama. Hakuwa amefika hata miaka thelathini. Daktari wa kule alisema mishipa yake ilikuwa imeziba mafuta kama ya bibi kizee, na kwamba kwa umri ule mara nyingi ni kitu cha ukoo, pacha mwenzake apimwe damu upesi, dawa zipo. Ronke hakusikia chochote isipokuwa neno "ukoo".

"Ni damu yenu!" alipiga kelele kwenye simu. "Mama yako si alianguka vivyo hivyo?"

"Ni sufuria lako!" Mama Pacha akamjibu. "Nilikupa mtoto, umenirudishia mzoga!"

Wakatukanana mpaka salio likakatika. Wala hakwenda kuzika. Kwetu mzazi haoni kaburi la mwanawe, mila imekataa, atakaa nyumbani kwake na wengine watafukia. Na kuna jingine. Pacha akifa, hatutamki kuwa amekufa. Ukitamka, aliyebaki ataitika na kumfuata. Tunasema amekwenda Lagos. Jamani, Kehinde alikuwa Lagos tangu ana miaka mitano! Kwa hiyo mdomoni mwa watu hakuna kilichobadilika. Jirani aliuliza, "Kehinde je?" Mama Pacha alijibu, "Yuko Lagos," na sauti yake ilikuwa ileile ya mwaka jana. Mimi ndiye niliyekuwa nikitoka nje kwenda kulia.

Profesa alimpa ruhusa. "Nenda kapumzike, Mama Pacha. Nzi nitawaangalia mwenyewe." Alisema hivyo mbele yangu, nami siku ya pili malaria ikanilaza. Meza za nzi zetu, kila mguu unasimama ndani ya kopo la mafuta ya taa ili sisimizi wasipande, na makopo yale yanataka kuongezwa, jua letu mnalijua. Profesa aliangalia siku moja. Kisha akaitwa mkutanoni Abuja, akafunga mlango, akaondoka na ufunguo mfukoni. Mwenyewe!

Mama Pacha aliporudi ndiye aliyefungua, kwa ufunguo wa akiba aliouomba kwa mlinzi. Meza ya Taye ilikuwa salama. Kwenye meza ya Kehinde makopo mawili yalikuwa makavu, na msururu wa sisimizi ulikuwa unapanda na kushuka bila haraka. Walikuwa wametoboa pamba zote. Chupa baada ya chupa, mabawa matupu. Funza walibebwa, mayai yalibebwa, hata uji uliliwa. Haya alinisimulia baadaye sana, na aliponisimulia alikuwa bado anafuta meza ambayo haikuwepo.

Hapo akasikia viatu vya profesa ukumbini, amerudi kutoka Abuja.

"Mama Pacha! Pole sana, karibu tena. Kehinde hawajambo?"

Wewe ungejibu nini? Mtu aliyekaa wiki nzima akijiuma ulimi asitamke neno moja, leo alitamke kwa nzi? Na jina ni lilelile.

"Wapo, Profesa," akasema.

Neno likishatoka halirudi, na hili lilitaka lifanywe kweli. Profesa alipokwenda ofisini kwake, Mama Pacha aliziosha chupa za Kehinde, akapika uji, mtupu na wa mawese, akachukua nzi wa Taye, akagonga chupa yao taratibu wengine wadondokee humo. Akaziba pamba. Nafasi ya pacha haiachwi tupu. Tangu siku hiyo chupa zilikuwa za pacha wawili, na nzi walikuwa wa mama mmoja.

Huku nyumbani alikuwa akimsihi Taye akapimwe. Taye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mkali, msafi, na alikuwa amechumbiwa na Folarin, kijana mpole wa Ijebu Ode ambaye mama yake alikuwa mpole kama pilipili.

"Mama, nipimwe niandikwe mgonjwa, halafu nani anioe?" Taye alisema. "Humjui mama Folarin? Yule ameshatuma watu watano kuulizia ukoo wetu. Mpaka kama kuna kichaa."

"Ukifa, utaolewa na nani?"

"Nakula kwako, si kwa shangazi. Mimi simo."

Walivutana hivyo mpaka Taye akachoka, akaahidi kwamba utambulisho wa familia mbili ukipita, Jumatatu yake atakwenda hospitali. Mama Pacha akaishika Jumatatu ile kama mtu anavyoshika tiketi ya basi.

Majibu ya mashine yalitangulia. Profesa aliingia maabara akitikisa karatasi, karibu acheze. Taye na Kehinde wa uji mtupu, mafuta sawasawa. Taye na Kehinde wa mawese, mafuta sawasawa, na wote wamebadilika kwa pamoja. "Damu si kitu!" alisema. "Ni sahani! Sijapata kuona majibu safi namna hii." Safi! Hata mimi nilipiga vigelegele, mjinga mkubwa. Mama Pacha aliendelea kukoroga uji wake, nikadhani ni haya.

Siku ya utambulisho tukajaa uani kwake, viti vya kukodi, turubai, wao upande ule na sisi upande huu. Profesa alikuja kama mgeni wa heshima wa upande wa bibi harusi, na kofia yake imelazwa sikioni. Mambo yalikwenda vizuri, tukataniana, wakatoa viazi vikuu, asali na mbegu za kola. Ndipo mama Folarin akasimama, akakung'uta vazi lake.

"Tumefurahi, wakwe. Binti mzuri. Lakini mimi nimeambiwa ni pacha. Mwenzake namtafuta hapa simwoni."

Mzee wa familia akakohoa. "Yuko Lagos, mama."

"Lagos ipi? Ile ya magari, au ile ya chini ya udongo?"

Mama huyu hakuwa na haya hata chembe.

"Nawaheshimu," akaendelea, "ila mwanangu ni mmoja. Nataka kujua tu kama kilichompeleka huyo Lagos kiko kwenye damu. Wajukuu wangu nao watakwenda?"

Profesa akainuka. Nani alimwomba? Akainua mkono kama yuko darasani.

"Mama, niulize mimi, hiyo ndiyo kazi yangu. Nimefuga koo mbili za nzi, mama mbalimbali kabisa. Wakila sahani moja, mafuta ya miili yao yanafanana, hayana tofauti. Damu haina neno! Huyo binti mwingine aliponzwa na sufuria la Lagos. Huyu hapa amelelewa kwa mboga. Oeni bila wasiwasi."

"Nzi?" mama Folarin akauliza.

"Nzi, mama. Mashine imethibitisha."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mama Folarin aliangalia huku na huku, akaona mwanawe anamsihi kwa macho, naye akakubali kucheka. "Kama mashine imesema, mimi ni nani?" Akaketi. Ngoma zikalia.

Mimi na Mama Pacha tulikuwa tumerudi jikoni kupakua. Taye akaingia mbio, akamkumbatia mama yake kwa nyuma, analia na kucheka.

"Umesikia, Mama? Umesikia profesa wako? Sasa ile Jumatatu yako basi! Kwisha! Mimi mzima!"

Akanyakua kipande cha nyama ya kukaanga kwenye sinia, akatia kinywani, mafuta yakamchuruzika kidevuni. Sura ileile. Mashavu yakabonyea vilevile. Mama Pacha alimtazama mpaka mwiko ukamdondoka.

"Taye, mwanangu, utakwenda Jumatatu."

"Siendi."

"Wale nzi si kweli."

"Haya, sasa hata profesa mwongo." Taye alijifuta kidevu. "Unajua unachotaka wewe? Unataka niugue, ili isionekane ulimtoa yule ukakosea. Leo siku yangu, Mama. Niache."

Akatoka akicheza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wahenga husema, lakini mimi niliuona pale kwa macho yangu. Mama Pacha alivua aproni. Akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti. Nikamuuliza anakwenda wapi, akanipita akatoka.

Alisimama katikati ya pande mbili, mpiga ngoma akanyamaza mwenyewe.

"Kehinde hayuko Lagos," akasema. "Kehinde amekufa."

Mtu alipiga ukunga. Mzee wa familia akaziba masikio, Wallahi, akaziba kwa mikono miwili kama mtoto.

"Na nzi wa Kehinde wamekufa pia. Walikufa wote, sisimizi waliwala. Nilijaza chupa kwa nzi wa Taye. Mashine ilipima Taye na Taye. Profesa, hukuona kitu. Hakuna ajuaye kama ni damu. Daktari alisema huyu apimwe na anakataa kwa ajili ya maneno yako." Akamgeukia bintiye. "Taye, utakwenda Jumatatu. Nimelitamka. Mwenzako amekufa. Wewe usiitike."

Mama Folarin aliinuka, akamshika mwanawe mkono, na watu wake wakaanza kukusanya viti ambavyo hata havikuwa vyao. Viazi vikuu waliviacha. Folarin aligeuka mara moja langoni. Hakurudi.

Profesa yeye alibaki akimnyoshea kidole. "Mwanamke huyu ni mwongo! Nimemlisha miaka yote hii!"

"Nani amemlisha nani?" nilimfokea. "Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa nani sisimizi walipokuwa wanakula? Abuja ulikwenda kuangalia nzi gani?" Sikujua habari nzima, lakini nilikumbuka ahadi yake, na mdomo wangu haungoji. Akaondoka. Wiki ileile Mama Pacha akafukuzwa kazi, na mimi nikafuata, maana nilirudia maneno yale mbele ya mkuu wa kitivo. Kwenye maelezo ya idara iliandikwa "uzembe wa mfanyakazi". Ukoo mwingine wa nzi ulianzishwa. Profesa bado ni profesa.

Lakini hayo si kitu. Kitu ni Taye. Alikuwa amesimama chini ya turubai na vazi lake la kukodi, peke yake, viti vimepinduka. Hakulia.

"Ungeninong'oneza," alimwambia mama yake.

"Nilikuambia jikoni."

"Ungenifunga kamba ukanipeleka. Ungenidanganya. Wewe si unajua kudanganya? Umedanganya mpaka nzi." Akavua kilemba. "Umemuua Kehinde mbele za watu, na mimi ukanizika hapohapo. Haya, nitakwenda Jumatatu. Nikitoka huko hunioni tena."

Alikwenda kweli. Damu yake ilikuwa ile ya mwenzake, mafuta yamejaa, mtoto wa mboga za majani. Daktari alimwambia angechelewa mwaka au miwili asingekuwa na la kusimulia. Akaanzishiwa dawa za kila siku, akahamia Abeokuta, akapata shule huko. Hajaolewa. Anapumua, anafundisha, anapanda ngazi. Mama yake hajamtia machoni tangu siku ile.

Kila mwaka siku ya kunde ikifika Mama Pacha hupika sufuria mbili. Moja ina mawese mpaka yanaelea. Nyingine haina hata tone, chumvi na vitunguu tu, na hiyo huifunga kwenye bakuli la bati na kitambaa, akanipa niipeleke Abeokuta.

Mwaka huu Taye alinifungulia mwenyewe. Amekonda, anapendeza. Akafunua kitambaa akanusa.

"Zina mafuta?"

"Ningezileta na mafuta mimi?"

Akala akiwa amesimama mlangoni, akamaliza zote, akakwangua bakuli. Akaenda kuliosha, akalifuta, akanirudishia. Nikapata moyo.

"Nimwambie nini mama yako, mwanangu? Mzee yule sasa. Macho yanamsumbua."

Akakikunja kile kitambaa, akakiweka juu ya bakuli.

"Mwambie Taye yuko Lagos," akasema, akafunga mlango.

Nilipofika Ibadan Mama Pacha alikuwa amekaa kwenye kizingiti na sufuria ile ya mawese miguuni, hajaigusa. Alilipokea bakuli, akalipapasa ndani kwa kidole.

"Amekula?"

"Amekula zote."

"Amesema nini?"

Mimi Sidikatu, mwenye mdomo, ninayemjibu hata mkuu wa kitivo, nikamwambia nina njaa, anipakulie.